Karani wa Zizi la Lodio

Kila asubuhi Lodio alifungua zizi kabla jua halijawa kali. Aliondoa miiba mlangoni, akasimama kando, na mbuzi wakatoka mmoja mmoja. Aliwahesabu kwa macho tu. Aliwajua wote kwa rangi, kwa pembe, na hata kwa tabia zao mbaya.

Nyumba yake ilikuwa Ngaremara, nje ya mji wa Isiolo, karibu na lami inayokwenda Archers Post. Mkewe, Judy, aliuza maziwa na sabuni kando ya barabara. Majirani walimwita Mama Aule, kwa jina la binti yao aliyekuwa akisoma shule ya bweni.

Lodio hakuhesabu mbuzi peke yake. Karibu na mlango wa zizi palikuwa na jiwe, na juu ya jiwe alisimama ndege mdogo. Mgongo wake ulikuwa na rangi ya mchanga. Alipokaa, hukumtambua. Aliporuka, kiuno chake kilionekana cheupe pee. Alisimama wima, akainamisha kichwa kila mbuzi alipopita, kisha akakimbia chini kuokota wadudu waliotimuliwa na kwato.

Judy alimpa jina la Karani. Alisema ni kama yule karani wa soko la mifugo mjini, anayesimama mlangoni na hakuna mnyama anayempita bila kuonekana.

Karani alikuja mwezi wa kumi, mvua ilipokaribia. Mwezi wa tatu hivi aliondoka. Alikuwa amefanya hivyo misimu kadhaa, na kila mara alirudi kwenye jiwe lile lile. Lodio alisema anakwenda Mlima Kenya kutafuta baridi. Judy alisema anakwenda Marsabit. Walibishana hivyo kila mwaka, bila hasira, kama mke na mume wanavyobishania jambo ambalo hakuna anayelijua.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, Judy alikwenda kuwatoa watoto wa mbuzi. Kibanda chao kilifunikwa kwa neti kuukuu ya vitunguu. Alisikia mabawa yakipigapiga. Karani alikuwa amenasa kwenye neti.

Lodio alikuja na kisu. Alikata uzi mmoja baada ya mwingine, polepole, mpaka ndege akabaki kiganjani mwake. Hapo ndipo alipoona mambo ambayo hakuwahi kuyaona akiwa mbali. Mguu wa kulia wa ndege ulikuwa na pete ya chuma. Mgongoni alibeba kitu kidogo kuliko punje ya haragwe, kimefungwa kwa uzi mwembamba uliopita chini ya mapaja. Uzi huo ndio ulioshikwa na neti.

Lodio aliigusa pete kwa ncha ya kidole. Kisha akasema, "Huyu ako na mwenyewe."

Ili umwelewe Lodio, lazima uwe umeishi na mifugo. Mnyama asiye na alama watu wanaweza kubishania. Mnyama mwenye alama ana mwenyewe, na hayo yamekwisha. Akipotea akaingia kwenye zizi lako, unamfungia, unamlisha, unamnywesha, halafu unatangaza. Ukimwachia akaliwa na fisi, utaulizwa wewe. Ukinyamaza naye, wewe ni mwizi. Lodio alilelewa hivyo, na hakuwa mtu wa kuchafua jina lake kwa mnyama wa mtu, awe mkubwa au mdogo.

Basi akamfungia. Alimweka chini ya tenga la kufunikia vifaranga, akaweka jiwe juu.

Lodio alikuwa akisoma darasa la watu wazima pale kanisani. Kabla ya kumfunika ndege aliigeuza ile pete juani, akasoma herufi zake ndogo kwa taabu. Kulikuwa na namba, na kulikuwa na neno Nairobi.

"Mwenyewe yuko Nairobi," akamwambia mkewe.

Judy alicheka. "Nairobi? Na amemwacha achunge Ngaremara?"

"Wako wengi. Kuna watu wa Nairobi wako na ng'ombe huku na hawajawahi kuziona."

Judy alikubali, akaenda kutafuta cha kumlisha.

Walimpa mgeni wao mtama. Hakuugusa. Wakampa unga wa mahindi, hakuutazama. Judy akamwekea maziwa kwenye kifuniko cha soda, maana kwao mgeni hanyimwi maziwa. Ndege aliyamwaga kwa mguu. Alirukaruka, akagonga kichwa kwenye tenga, akagonga tena. Jua lilipotua alikuwa ametulia.

"Ameanza kuzoea," Lodio akasema.

Hakuwa amezoea. Alikuwa amechoka.

Siku ya pili ilikuwa Jumapili. Mwisho wa ibada katekista aliuliza kama kuna matangazo. Lodio alisimama, amevaa koti lake la kanisani.

"Kuna mnyama amepotea, ako kwangu," akasema. "Ni ndege. Ako na pete mguu wa kulia, na mzigo mgongoni."

Kanisa zima lilicheka. Kwaya ndiyo iliyocheka zaidi. Lodio alisubiri wamalize, halafu akarudia maneno yale yale, akaongeza kwamba pete imeandikwa Nairobi. Alitangaza kama ambavyo angetangaza ngamia. Judy aliinamisha uso, lakini ndani ya moyo wake alimwonea fahari.

Mtu mmoja hakucheka. Chifu, aliyekuwa benchi la mbele, alikunja uso kama anayekumbuka jambo. Alitoka nje na simu yake.

Walipofika nyumbani walimkuta Ewesit, kaka yake Lodio, amekaa kivulini. Alikuwa ametoka Kipsing, alikokuwa na mbuzi wengi wa familia. Mwezi uliotangulia mifugo ya jirani zake huko ilichukuliwa kwa bunduki. Tangu siku hiyo Ewesit alilala na viatu miguuni.

Lodio alimwonyesha mgeni wao. Ewesit alichungulia ndani ya tenga, akaona kile kitu mgongoni mwa ndege. Akarudi nyuma.

"Unajua hii ni nini?" akauliza. "Si umeona ndovu za Samburu ziko na mshipi kwa shingo? Ule mshipi unaongea. Mtu anakaa mbali kwa ofisi na anajua ndovu iko wapi. Sasa hii imeletwa ikae kwa zizi yako. Kila asubuhi inaangalia mbuzi zikitoka. Na nyinyi mnaiita karani."

Lodio alichungulia tena ndani ya tenga. Kaka yake hakuwa mjinga. Habari ya ndovu ilikuwa kweli, kila mtu aliijua. Na ilikuwa kweli pia kwamba ndege huyu alikaa mlangoni na kuwatazama mbuzi wote.

Ewesit alitaka waondoe tenga, wampige ndege jiwe moja, na kile kitu kitupwe motoni kabla hakijasema zaidi. Lodio alikataa. Alisema hawezi kuua mnyama wa mtu ndani ya boma lake.

"Na mbuzi zikichukuliwa?" Ewesit akauliza. "Watoto watakunywa heshima yako?"

Judy aliingia katikati, akawaomba waongee taratibu. Lodio alichuchumaa kando ya tenga. Alikuwa akimtazama Karani. Ndege alikuwa amejikunja, manyoya yamesimama, macho yamefumba nusu. Lodio aliona haya na aliona huruma, vyote pamoja. Kama kaka yake alikuwa sahihi, basi amemfuga adui mlangoni pake. Kama kaka yake alikosea, basi yeye Lodio ndiye anayemuua ndege huyu, kwa mikono yake, akidhani anamtunza.

Ewesit alikuwa tayari ameokota jiwe la meko pikipiki ilipoingia bomani.

Mwanamke alishuka nyuma ya mwendeshaji, amejaa vumbi hadi kwenye nyusi, na mkoba begani. "Habari zenu," akasema. "Hapa ndipo kwa Lodio aliyetangaza ndege? Nimeenda kwa Lodio wa kule machimbo, nimeenda kwa Lodio wa karibu na shule. Hii Ngaremara yenu ina akina Lodio wengi."

Jina lake lilikuwa Karwitha. Kwao kulikuwa upande wa Meru, na kazi yake ilikuwa kuchunguza ndege. Yeye na wenzake walikuwa wamepanga nyumba mjini, mtaa wa Wabera. Chifu ndiye aliyempigia simu.

Hakungoja chai. Alipiga magoti kando ya tenga.

"Amekula nini tangu jana?" akauliza.

"Amekataa," Judy akasema. "Tumempa mtama, unga, hata maziwa."

"Mtazameni mdomo wake. Ndege wa kula nafaka ana mdomo mfupi na mnene, wa kupasua punje. Huyu wake ni mwembamba, kama kibanio. Huyu anakula wadudu tu. Ukimpa gunia zima la mtama atakufa na njaa juu yake."

Lodio hakusubiri kuambiwa zaidi. Alichukua fimbo, akaenda kwenye kona ya zizi yenye samadi ya zamani, akaifukua. Chini kulikuwa na mabuu na mbawakavu wadogo. Alirudi na kiganja kilichojaa. Karwitha aliwaweka ndani ya tenga, kisha akaomba shuka, akalifunika tenga lote. Alisema ndege akiwa gizani hofu humpungua, akianza kutulia waliinue shuka upande mmoja apate mwanga kidogo. Wakafanya hivyo, wakakaa kimya. Baada ya muda wakasikia mdomo ukigonga ardhi, tk, tk, tk. Lodio alishusha pumzi.

Ewesit bado alikuwa amelishika jiwe. "Mama, kwanza utuambie," akasema. "Hii kitu inaongea na nani?"

"Haiongei na mtu yeyote, mzee."

"Na ya ndovu?"

"Ile ya ndovu inaongea, ni kweli. Lakini ile ni nzito, ina betri kubwa. Ndege huyu mzima ni mwepesi kuliko yai la kuku. Hawezi kubeba betri kama ile hata akisaidiwa."

"Hayo ni maneno."

Karwitha alijipangusa vumbi usoni. "Sawa. Basi fikiria hivi. Sisi ndio tuliomfunga kifaa hiki, mwezi wa pili. Kama kifaa kingekuwa kinasema mahali kilipo, ningekuja hapa moja kwa moja. Lakini tangu mwezi wa kumi tunazunguka na darubini, jiwe kwa jiwe, nje ya maboma tu, tukimtafuta, na hatujui yuko wapi. Hata leo nimeuliza njia mpaka nimechoka. Kilichonileta si hicho kifaa. Ni tangazo la Baba Aule kanisani."

Mwenye pikipiki aliyekuwa akisikiliza akadakia, "Ni kweli, mzee. Tumezunguka mpaka mafuta imebaki ya kunusa."

Ewesit alimtazama mwanamke, akatazama vumbi lake, akatazama tenga. Alilirudisha jiwe mekoni. Kisha akavuta kigoda akakaa.

Lodio akauliza sasa kifaa hicho kinafanya nini.

"Kinaangalia mwanga, basi," Karwitha akasema. "Kinaweka kumbukumbu jua limechomoza lini na limetua lini, kila siku, mahali popote ndege alipo. Hapa kwetu mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima, si ndiyo? Lakini ukienda kaskazini mbali sana, mwezi wa sita mchana unakuwa mrefu. Ukizidi kwenda, unafika mahali jua halitui kabisa."

"Halitui?" Lodio akauliza. "Na mbuzi zinaingia zizini saa ngapi?"

Karwitha alicheka, akasema hata watu wa huko hupata shida kulala. Akaeleza tena kwa upole. Urefu wa mchana unaonyesha ndege alikwenda kaskazini kiasi gani. Saa ya jua kuwa juu kabisa inaonyesha alikuwa mashariki au magharibi, kwa sababu jua likiwa utosini hapa, mahali pengine bado ni alfajiri. Ukiyaweka pamoja unapata njia yake. Lakini lazima ndege arudi na kifaa, na lazima apatikane tena, kwa kuwa habari zote zimo ndani na hazitoki zenyewe. Ndege akifa mahali pasipojulikana, safari yake yote imepotea.

Kisha akasema jambo ambalo Lodio hakulitarajia kwa mtu wa ofisi. Alisema kosa lilikuwa lao pia. Walipomnasa ndege huyo kule kwenye shimo la murram, ile changarawe ya barabara, walimweleza chifu, wakaona inatosha. Hawakuingia bomani kuwaeleza watu. Judy akakumbuka. Mwezi wa pili Lodio alipokuwa Kipsing na mbuzi, yeye aliona watu na neti ng'ambo ya barabara, akadhani ni wapima barabara.

"Sasa nifunze," Lodio akasema. "Siku nyingine nikipata mnyama kama huyu, nifanye nini?"

"Ulifanya vizuri kutangaza. Endelea hivyo. Lakini usimfunge. Kama yuko hai, soma namba ya pete, au mpige picha kwa simu, umwachie saa hiyo hiyo, halafu umwambie chifu ama mtu wa wanyamapori. Kama amekufa, usitupe kitu. Pete na kifaa, vyote vinatakiwa. Na kamwe usimvue pete aliye hai. Utamvunja mguu."

"Na mwenyewe?" Lodio akauliza. Swali hilo lilikuwa limemkaa kooni tangu jana. "Mwenyewe ni wewe?"

"Hana mwenyewe, Baba Aule. Pete ni ya kumtambua tu, na Nairobi ndiko namba zake zinakowekwa. Huyu ana nyumba mbili. Moja ni huko anakozalia, mbali. Nyingine ni hili jiwe lako. Huko kwake, baridi ikija anatoweka, na watu wa huko hujiuliza kila mwaka amekwenda wapi. Walikuwa hawajui kwamba yuko kwako, anahesabu mbuzi."

Lodio alitazama chini. Hakutaka waone uso wake.

Karwitha alipoona ndege amepata nguvu, alimtoa, akakata ule uzi kwa mkasi mdogo, akaweka kifaa kwenye kijaluba. Pete aliiacha. Kisha akamweka ndege kiganjani mwa Lodio, akamwambia afungue vidole bila kumrusha.

Lodio alifungua. Karani alikaa kidogo, akainamisha kichwa mara moja, akaruka. Kiuno cheupe kilivuka barabara kikapotea.

Jioni hiyo Judy aliondoa neti ya vitunguu, akaezeka kibanda kwa matawi. Asubuhi jiwe lilikuwa tupu. Siku iliyofuata pia. Lodio hakulalamika, lakini alichelewa mlangoni kuliko kawaida, na Judy alijua kwa nini. Wiki ilipokaribia kuisha, Judy ndiye aliyemwona Karani kwanza, juu ya jiwe, akinyoosha bawa. Alimwachia mumewe amwone mwenyewe.

Mwaka mpya ulipoanza Karwitha alirudi na ramani, akaibandika ukutani kanisani. Watu walijaa, hata ile kwaya. Mstari mwekundu ulitoka Ngaremara, ukapita Ethiopia, ukavuka Arabuni, ukapanda Asia yote, ukafika Alaska, kwenye nchi ya theluji ng'ambo ya bahari. Si Mlima Kenya wala Marsabit. Mstari wa kurudi ulishuka karibu njia ile ile. Lodio alisogea, akaweka kidole pale mstari ulipoishia, akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi, mpaka neno likakamilika. Ngaremara. Hakuna aliyecheka.

Ewesit alisimama mbele ya ramani kwa muda mrefu. Aliuliza kama ndege anakwenda peke yake. Karwitha akasema ndiyo, peke yake, na usiku. Ewesit akatikisa kichwa. Yeye mwenyewe alijua kusafiri usiku na hofu.

Tangu hapo tangazo la Lodio lilianza kuigwa. Mchunga mbuzi mmoja wa Kipsing alimpata ndege mwenye pete kisimani, akampiga picha, akamwachia, akamwambia chifu wake. Aliyemfundisha ni Ewesit.

Karani aliondoka mwezi wa tatu. Jiwe likabaki.

Mwezi wa kumi ulipofika, Lodio alilazimika kwenda kulala mjini kwa shughuli za shule ya Aule. Ewesit alikuja kumshikia boma. Asubuhi na mapema simu ya Lodio ililia.

"Ndugu yangu," Ewesit akasema, "karani amerudi."

Lodio aliisogeza simu karibu na sikio. "Uko na hakika ni yeye?"

"Ako na pete mguu wa kulia. Yuko juu ya jiwe. Hata miiba sijamaliza kutoa, ameshaanza kuinama."

"Usimfunge."

"Nani amfunge?" Ewesit akasema. "Ninatoa mbuzi polepole, ndio apate nafasi ya kuhesabu."